Nani Anailipia Sheria ya Ulimwengu Ule? Jibu kwa Msomaji wa Lamu

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nakaa Langoni, Lamu. Tangu nimalize kidato cha nne nimezama katika riwaya za vijana, zile za dunia zilizoharibika na zile za mazingaombwe. Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakutana wasichana kadhaa, na mmoja wetu husoma mapitio ya kitabu alichomaliza. Yangu hayapendezi. Nasimulia kisa, nataja wahusika, kisha nasema kitabu ni kizuri na kina mafunzo. Niliposoma mapitio yangu ya The Hunger Games, mwenzangu mmoja alisinzia na mwengine akanilaumu kuwa nimemtobolea mwisho. Na mama naye kila siku ananiuliza vitabu vya uchawi vina faida gani. Nifanyeje? Nimekuambatishia niliyoyaandika.

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Umefanya vyema kunitumia mapitio yenyewe, maana bila kuyaona ningekujibu hewani.

Yanaanza hivi: "Kitabu hiki kinamhusu msichana aitwaye Katniss Everdeen anayeishi katika nchi ya Panem na mama yake na mdogo wake." Sarufi iko sawa na hakuna uongo. Lakini sentensi hii angeweza kuiandika hata mtu aliyesoma jalada la nyuma tu, na wewe umekesha na kitabu kizima. Baada yake zinakuja kurasa mbili za "kisha" na "halafu", na mwisho maudhui, wahusika, mbinu za lugha na mafunzo, kwa mpango uleule uliozoea kumwandikia msahihishaji wa mtihani. Shuleni mpango huo ulikufaa, kwa sababu msahihishaji amekwisha kukisoma kitabu na anachotaka kujua ni kama na wewe umekisoma. Wenzako wa Ijumaa hawajakisoma. Wao wanataka kujua wakiingia humo watakutana na nini, na kama safari yenyewe inafaa.

Kwa riwaya za aina unayoipenda, ziwe za mazingaombwe au zile za dunia iliyoharibika, ziitwazo distopia, mimi nina njia moja ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mwandishi wa riwaya ya kawaida anaikuta dunia iko tayari: kuna jua, kuna serikali, kuna bei ya unga. Mwandishi wa riwaya hizi ameiumba dunia yake, na ameiumba kwa kuweka sheria. Katika nchi hii jambo fulani ni lazima, au jambo fulani haliwezekani, au nguvu fulani anayo huyu na yule hana. Itafute sheria hiyo. Ieleze kwa maneno machache ambayo hata asiyewahi kusoma kitabu cha namna hii atayafahamu. Kisha uliza: nani anailipia? Ukipata jibu, umepata mapitio yako, na mengine yote yatajipanga nyuma yake.

Tuchukue hicho hicho The Hunger Games cha Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2008. Kila mtu ameshasikia kuwa wilaya kumi na mbili hutoa kila mwaka mvulana mmoja na msichana mmoja, wa kati ya miaka 12 na 18, waende kuuana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Wewe umeeleza hilo kwa aya nzima. Lakini umeruka kitu kidogo kilichomo katika sura ya kwanza kabisa, na mimi naona uzito wa riwaya uko hapo. Mtoto akitimiza miaka 12 jina lake huingia katika kura mara moja, akiwa na 13 mara mbili, na hivyo hivyo hadi mara saba akifika 18. Ila mtoto wa maskini anaruhusiwa kuliongeza jina lake. Kila nyongeza moja anapewa nafaka na mafuta, kidogo kidogo, ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kuchukua nyongeza moja kwa kila mtu wa nyumbani kwao, na majina hayo hayafutwi mwaka ukiisha, yanakwenda yakijumlishwa.

Sasa piga hesabu. Katniss ana miaka 16. Tangu alipokuwa na 12 amechukua chakula cha watu watatu: chake, cha mama yake na cha mdogo wake Prim. Hayo ni majina matatu ya nyongeza na moja la lazima, manne kila mwaka kwa miaka mitano. Jina lake limo katika kura mara ishirini. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na nyumba ya watu watano wa kulisha. Lake limo mara arobaini na mbili. Binti wa meya, ambaye kwao hawakosi mkate, hana zaidi ya yale ya lazima. Katniss amemkataza Prim asichukue nyongeza hata moja, kwa hiyo jina la Prim limo mara moja tu kati ya maelfu. Na kura inapopigwa, linalotoka ni hilo la Prim.

Umeiona? Serikali inaiita kura, kana kwamba ni bahati ya wote sawa, kumbe mwenye njaa anaununua unga kwa kuiweka rehani shingo yake. Zaidi ya hayo, sheria hii inamfanya Gale amkasirikie binti wa meya, mtoto mwenziwe, badala ya kumkasirikia aliyeitunga. Gale mwenyewe analijua hilo na analisema wakiwa porini. Haya yote yamo mwanzoni, kabla hata mtu mmoja hajashika silaha. Ungeweza kuanza mapitio yako namna hii: "Katika wilaya ya Katniss Everdeen, mtoto mwenye njaa anaweza kupata unga wa mwaka mzima akikubali jina lake liandikwe mara moja zaidi katika orodha ya watakaokufa. Katniss ameandikwa mara ishirini." Mtaa mzima wa Langoni wanajua maana ya kutumwa dukani ukaambiwe "mwambie aandike kwenye daftari". Huna haja hata ya kuwaeleza. Watakaa wima wenyewe.

Neno moja kuhusu maisha ya mwandishi, kwa sababu umeyawekea aya yake peke yake, alizaliwa wapi na amesomea nini. Taja tu lile linalokifungua kitabu. Collins ameeleza kuwa wazo lilimjia alipokuwa akibadilisha stesheni za televisheni, huku vijana wakishindana katika kipindi cha mashindano, kule picha za vita vya Iraki, hadi viwili hivyo vikaanza kuchanganyika machoni pake. Hilo linamsaidia msomaji, kwa sababu kamera katika riwaya ile hazizimwi: hata mapenzi, hata machozi, lazima mtu ajiulize yanaonwaje na watazamaji. Kwa hiyo usiipe kurasa habari ya nani amfae Katniss kati ya vijana wawili. Lizungumzie, ni sehemu ya utamu na wenzako watalibishania kwa raha, lakini lizungumzie pamoja na kamera zake.

Jambo la pili ni la kupima ubora. Distopia nzuri lazima iwe na kishawishi. Msomaji aione nchi ile na kwa muda atamani kuhamia. Kama tangu ukurasa wa kwanza watawala ni mashetani wenye meno na wananchi wanalia tu, hakuna cha kufikiri hapo. The Giver cha Lois Lowry, kilichotoka mwaka 1993 na kupata nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, kinalijua hili kuliko vingi vilivyokuja baadaye. Katika jamii ya Jonas, mvulana ambaye kisa ni chake, hakuna njaa, hakuna vita, hakuna aliye nje ya nyumba. Kila familia hupewa watoto wawili, wa kike mmoja na wa kiume mmoja. Mtoto akifika miaka kumi na miwili wazee humtangazia kazi atakayoifanya, nao wamemchunguza kwa makini miaka yote, na mara nyingi wamepatia. Wewe uliyemaliza shule na unangoja kujua utakwenda wapi, niambie kweli: hungetamani kidogo wazee wa namna hiyo? Liandike. Sema ulivyotamani, na sema ni ukurasa gani tamaa hiyo ilikatika. Mapitio yenye sentensi hiyo moja ya kweli yana thamani kuliko "kitabu kinafunza umuhimu wa uhuru", ambayo kila mtu anaweza kuisema bila kusoma.

Kwa upande mwengine, Divergent cha Veronica Roth, cha mwaka 2011, mimi kinanisisimua na kunikera kwa pamoja. Mji wa Chicago umegawanywa makundi matano kwa tabia, na kijana wa miaka 16 lazima achague atakaa wapi. Sheria hiyo ni rahisi kuieleza, na kila msomaji papo hapo anajiuliza angechagua lipi. Lakini uliza nani anailipia. Wapo watu wasio na kundi lolote, na hao ndio wafagiaji, wazoaji taka, madereva wa mabasi. Mji unatembea juu ya migongo yao. Juzuu ya kwanza inawapitia haraka na kurudi kwenye mafunzo ya kundi la mashujaa, kuruka kutoka treni inayokwenda na kupigana ngumi. Mimi naona mwandishi aliufungua mlango mwenyewe kisha akaupita. Huo ni mfano wa kukilaumu kitabu kwa haki: unakilaumu kwa ahadi kiliyoiweka, hukilaumu kwa kukosa kuwa kitabu kingine. Usiseme "hakikunivutia" ukaishia hapo.

Sasa mazingaombwe, na hapa watu wa Lamu hamna haja ya kuazima kipimo kwa mtu. Mnacho cha Fumo Liongo, mnachosimuliwa kuanzia Pate hadi Kipini. Nguvu za Liongo zina mpaka: hakuna silaha inayomuua ila sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye. Anaitoa kwa mmoja tu, mwanawe, kwa kuwa anampenda, na mwana huyo amekwisha nunuliwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanashinda siku kadhaa na kiu kwa kuogopa kuyasogelea maji, wakidhani yu hai. Angalia ufundi wake. Nguvu ina kikomo, kikomo kina mlango, na mlango unafunguliwa na mapenzi. Ukisoma riwaya ambayo shujaa anapata uwezo mpya kila anapobanwa, mpime kwa Liongo, na useme wazi kwamba mwandishi amedanganya mchezo.

Na utumie unachokijua. Wasichana wengi wa kwetu wakiandika mapitio ya vitabu vya ng'ambo huvaa sauti ya mtu wa mbali, kama kwamba kukaa Lamu ni upungufu. Chukua Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Nigeria, kilichotoka mwaka 2018. Mfalme ameyang'oa mazingaombwe nchini, na nyumba zenye vijana wenye nywele nyeupe, wa ukoo wa nguvu hizo, zinatozwa kodi inayopanda kila mara. Ili kuilipa, Zélie, msichana mmoja wa ukoo huo, anapeleka samaki wa thamani hadi soko la Lagos, na samaki huyo ni wa jamii ya sulisuli. Mhakiki wa New York atasoma "samaki" na kupita. Wewe umewaona sulisuli wakiteremshwa, unajua uzito wake, unajua mvuvi anavyobishana na mchuuzi jua likipanda na samaki akianza kulegea. Basi sema: je, mwandishi anaijua bahari na soko, au anapita tu? Mimi naona yale majadiliano ya bei yana jasho la kweli. Wewe huenda usione hivyo, na ukiona tofauti, nitakusikiliza kuliko mhakiki wa mbali. Adeyemi amesema ndani ya kitabu chenyewe kwamba alikiandika akiwa na majonzi ya habari za Wamarekani weusi wanaopigwa risasi na polisi. Hilo nalo ni la kutaja, kwa sababu linaonyesha kodi ile na askari wale wametoka wapi.

Kuhusu kutobolewa mwisho. Mwenzako ana haki yake. Mimi hujiwekea mpaka: nasema kwa uhuru yaliyomo katika robo ya kwanza, na baada ya hapo nasema hali, sisemi matukio. Yote niliyokuhesabia juu ya Katniss yamo katika sura ya kwanza. Lakini siri ya kitabu si lazima iwe mwishoni. Katika The Giver, mapema kabisa, Jonas anarushiana tufaha na rafiki yake, na kwa nukta moja tufaha linabadilika hewani. Haelezi limebadilikaje; hana hata neno la kulielezea. Msomaji ataelewa baadaye sana, na akielewa, atarudi nyuma kufungua ule ukurasa. Ukiwaambia wenzako lile tufaha lilikuwa na nini, umewaibia kitu kikubwa kuliko mwisho wenyewe. Waambie tu walikodolee macho. Mwisho wa kitabu hicho hausemi wazi yaliyompata Jonas, na hilo unaweza kulisema, maana wapo wasomaji wanaochukia mwisho wa namna hiyo na ni bora wajue mapema. Lowry aliendelea kuandika vitabu vingine vitatu vinavyohusiana nacho, cha mwisho mwaka 2012, kwa hiyo asiyeridhika ana pa kwenda.

Nije kwa mama yako. Hakuuliza swali la kipuuzi, na usimjibu kwa ukali. Mama wa Pwani kutaka kujua binti anatia nini kichwani si jambo la leo. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mzima mwaka 1858. Kwanza, mpe haki yake palipo na haki. The Hunger Games ni watoto wanaoua watoto, na kama katika baraza lenu kuna wadogo wa miaka kumi au kumi na mmoja, hicho wakingoje. Pili, usimhubirie juu ya fasihi. Mtafsirie kisa. Ningeanza na Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011. Sunny ana miaka kumi na miwili, anaishi Aba, Nigeria, ana ualbino, na anagundua kuwa ana nguvu. Sheria ya ulimwengu ule ni hii: fedha yao haipatikani kwa kuuza wala kurithi. Mtu akijifunza jambo kweli kweli, inaanguka kutoka hewani mbele ya miguu yake, na kadiri jambo lilivyokuwa gumu ndivyo anavyopata zaidi. Aliyesoma sana ndiye tajiri. Msimulie mama hilo mkiwa jikoni, bila kumwambia kuwa unamjibu. Akisema bado ni uchawi na hapendi, mtakuwa angalau mnabishana juu ya kitabu kilichopo, si juu ya jalada.

Mwisho, hebu toka kidogo nje ya vitabu vya ng'ambo. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza: nchi inayoelea hewani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini pia, wakarudi na mambo mema, wakatiwa gerezani. Nani anailipia sheria ya nchi ile? Wale wale walioipenda wakatumwa. Na Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii yetu, alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani, na chombo kinamfikisha kwingine kabisa. Lugha ya Shaaban Robert itakuchelewesha kidogo, ya Mkangi itakukimbiza. Usiviandikie kwa heshima ya kitabu cha mtihani. Viulize swali lile lile unalowauliza Collins na Roth, na ukiona mahali sheria imelegea, sema.

Kwa Ijumaa ijayo lakini usichukue kitabu kipya. Rudi kwa Katniss, anza na unga na majina ishirini, na usivuke maneno mia tano. Nyota tano au tatu usiziweke. Waambie tu ni nani katika baraza atakipenda na nani atakitupa, kwa majina, maana unawajua. Unapowasomea, angalia ni sentensi gani inawafanya washike simu. Ikate hiyo, na iliyoitangulia, kisha nitumie yaliyobaki.